NOELI NYUMBANI: WIMBO, KITABU NA CHAKULA
Somo kwa wakatekumeni katika siku za Majilio

1. Sehemu mbili za sikukuu

Noeli ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kanisani: wakristu hukusanyika usiku au asubuhi, husikiliza Neno la Mungu, hushiriki Misa takatifu, humwabudu Mtoto Yezu. Sehemu ya pili ni ya nyumbani, tangu watu watokapo kanisani hata jua la siku ile litue. Sehemu ya kwanza hutayarishwa vizuri. Waimbaji hufanya mazoezi majuma mengi, wamama hufagia kanisa, vijana hukata matawi na kupamba mlango. Sehemu ya pili mara nyingi haitayarishwi na mtu yeyote, kwa maana kila mmoja hudhani kwamba furaha itakuja yenyewe.

Lakini furaha ni kama mgeni mpole: isipofunguliwa mlango, hupita.

Kwa mkatekumeni sehemu hii ya pili ina uzito wa pekee. Kanisani, wakati wa Komunyo takatifu, yeye hubaki mahali pake akingoja siku ya ubatizo wake. Kungoja huku ni kwema, walakini kuna uchungu ndani yake. Nyumbani hangoji. Chakula cha nyumba ni chake leo. Tena, pengine katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye aliyeanza kumjua Yezu Kristu. Baba yake bado, mama mkwe bado, wadogo zake bado. Noeli watakayoiona nyumbani mwake ndiyo itakayowaambia Yezu huyu ni nani.

Wazee wa Kongo wanajua nguvu ya Noeli ya nyumbani. Mwaka 1974, nchi ilipoitwa Zaire, serikali ya Mobutu iliifuta Noeli katika hesabu ya sikukuu za taifa, na tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Hata hivyo Noeli haikufa. Ilikaa kanisani, ikakaa na nyumbani kando ya mafiga, mpaka siku yake iliporudishwa. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa tena, na hakuna mtu anayewakataza wakristu kupumzika. Imebaki kujua namna ya kupumzika.

2. Nyumba mbili katika kijiji kimoja

Zitazamwe nyumba mbili, zikiwa mfano.

Katika nyumba ya kwanza, baba amekopa faranga kwa mwenye duka. Amenunua bia na nyama nyingi, amekodi redio kubwa yenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Mama ameamka kabla ya jogoo kuwika. Ameteka maji mara sita, ametwanga sombe, amesonga bugali ya watu ishirini. Misa imempita. Jioni usingizi unamkamata palepale karibu na moto, na kitenge chake kipya kingali kimekunjwa sandukuni. Watoto wamekula wakashiba, lakini tangu kutoka kanisani hawakusikia neno hata moja juu ya Yezu. Mwezi wa kwanza mwenye duka atakuja kudai, na baba atalipa kwa debe la maharagwe lililowekwa kuwa mbegu.

Baba huyu si mtu mbaya. Aliwapenda watu wake, akataka wafurahi. Alikosa kipimo tu.

Katika nyumba ya pili mali ni chache kuliko zile za kwanza. Jioni ya tarehe 24 baba na wavulana wameteka maji na kupasua kuni. Sombe imetwangwa mapema, karanga zimekwisha kukaangwa. Siku ya Noeli wote wanakwenda kanisani, hata mama. Wakirudi wanaketi mkekani, wanaimba wimbo mmoja, kisha binti aliye katika mwaka wa tano wa shule anafungua Injili ya Luka, sura ya pili. Anasoma polepole, anakwama, anarudi nyuma, anaendelea. Nyanya yake, ambaye bado hajaomba ubatizo, anasikiliza huku akichambua karanga. Binti anapofika mahali ambapo Maria anamzaa mwanawe na kumlaza horini, nyanya anamkatiza:

«Mjukuu wangu, mama huyo alizaa bila mkunga?»

Binti anamtazama baba. Baba, aliye mkatekumeni wa mwaka wa pili, anajibu kwa ukweli: «Mama, Luka hakuliandika jambo hilo. Ameandika kwamba hawakupata nafasi mahali pa wageni.»

Nyanya ananyamaza kidogo. Kisha anauliza: «Na yule jirani yetu aliyejifungua juzi, mume wake akiwa bado machimboni, nani amempelekea uji?»

Hakuna aliyempelekea. Basi mama anajaza uji katika chombo, binti anafunga karanga katika jani la mgomba, na nyanya mwenyewe anasimama kwenda. Kitabu kinafungwa kwa muda, hata atakaporudi.

Nyanya huyu hajajifunza Katekismu, walakini siku ile ameelewa Noeli. Wimbo ulimfanya aketi, chakula kilimfanya akae, na kitabu kilimfungulia njia ya kutoka kwenda kwa jirani.

3. Kipimo cha kuchagua

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1247, inawaamuru waamini kushiriki Misa siku za sikukuu zilizoamriwa, nayo Noeli ni mojawapo. Tena inawaagiza waache kazi zinazozuia ibada, zinazozuia furaha ya siku, au zinazozuia pumziko la roho na la mwili. Basi pumziko si uvivu. Ni sehemu ya sikukuu yenyewe.

Lakini pumziko la nani? Sheria haisemi kwamba wanaume wapumzike na wanawake wapike. Ikiwa mtu mmoja amepumzika kwa sababu mwingine amechoka maradufu, nyumba ile haikupumzika. Imehamisha mzigo tu kutoka bega hili mpaka bega lile.

Kwa hiyo, mwenye kutayarisha Noeli na ajiulize neno hili juu ya kila wimbo, kila kitabu na kila chakula: Je, kitu hiki kitamleta kila mtu wa nyumba karibu, au kitamtupa mtu mmoja nje? Yezu alizaliwa nje kwa sababu ya kukosa nafasi. Haifai siku ya kuzaliwa kwake iwe siku ya kumkosesha mwingine nafasi.

4. Kuchagua wimbo

Kwanza, uchaguliwe wimbo ambao wote wanaweza kuuimba. Wimbo mgumu wa sauti nne unafaa kwaya. Nyumbani huwafanya watatu waimbe na wengine wawatazame. Wimbo mwepesi wenye kiitikio huwachukua hata mtoto wa miaka minne na mzee asiyejua kusoma.

Wimbo mkubwa hauhitaji vyombo vingi. Wimbo wa Noeli unaojulikana sana duniani, unaosifu usiku ule mtakatifu na kimya chake, ulianza kwa unyonge. Padri Joseph Mohr wa nchi ya Austria aliandika maneno yake mwaka 1816. Mwalimu wa shule, Franz Xaver Gruber, alitunga sauti yake mwaka 1818. Usiku wa Noeli mwaka ule waliuimba wao wawili katika kijiji cha Oberndorf, kwa gitaa moja tu. Padri wa kijiji, mwalimu wa shule na gitaa moja: huo ndio mwanzo wa wimbo unaoimbwa leo katika lugha nyingi za watu.

Pili, wimbo wa lugha ya mama usidharauliwe. Mashi, Kinande, Kirega, Kiluba, zote zina midomo ya kumsifu Mungu. Huko Kamina, katika Katanga, kwaya ya vijana iliyoongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, iliimba mwaka 1958 Misa iliyojulikana kwa jina la Missa Luba, kwa sauti na ngoma za Kongo. Watu wa Ulaya waliisikia wakastaajabu. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, ambamo nyimbo, ngoma na mwendo wa mwili vimepata mahali pake. Ikiwa ngoma imeingia altareni, hakuna sababu ya kuionea haya uani. Mwenye likembe apige likembe. Asiye na chombo apige makofi.

Tatu, wakati wa wimbo utunzwe. Kabla ya Misa, nyumba itulie, kwa maana roho hujitayarisha katika ukimya. Kabla ya chakula, uimbwe wimbo mmoja wa Noeli. Alasiri, watoto wacheze ngoma watakavyo. Usiku ukiingia, sauti ishuke, watoto wapate usingizi.

Redio na simu yenye nyimbo ni vitu vyema vikiwa watumishi. Lakini sauti yao ikizidi hata mtu asiweze kumsikia mwenzake, vimekuwa mabwana wa nyumba. Mgonjwa wa nyumba ya pili naye ana Noeli yake, na masikio yake hayana mlango wa kufunga. Na juu ya maneno ya nyimbo, kipimo cha wazee chatosha: wimbo ambao mtu angeona haya kuuimba mbele ya mkwe wake usichezwe mbele ya watoto wake.

5. Kuchagua kitabu

Kitabu cha kwanza cha Noeli ni Injili ya Luka, sura ya 2, tangu aya ya 1 hata ya 20. Kusoma aya hizi ishirini kwa sauti ya utulivu hakuchukui muda mrefu. Chungu cha viazi hakijachemka, msomaji amekwisha kumaliza. Humo mna amri ya Kaisari, safari ya Yosefu na Maria, hori ya mifugo, wachungaji waliokesha, na Maria anayeyaweka mambo yote moyoni mwake. Habari ya mamajusi imo katika Injili ya Matayo, sura ya 2. Hiyo yafaa kuwekewa sikukuu ya Epifania, ili kila siku ipate chakula chake.

Msomaji achaguliwe mapema. Inafaa sana awe mtoto wa shule. Mtoto anapowasomea wakubwa wake, wazazi huona matunda ya daftari walizonunua kwa taabu, na mtoto hutambua kwamba kusoma si kazi ya kumpendeza mwalimu peke yake. Ajizoeze siku mbili au tatu. Akikwama mbele ya watu, asichekwe. Ikiwa nyumba haina taa nzuri, asome kabla ya jua kutua.

Baada ya kusoma, wakae kimya kidogo, kisha maswali yaruhusiwe. Mwenye nyumba asiogope swali asiloweza kulijibu. Neno «sijui, tutamwuliza katekista» halimvunjii mtu heshima. Lakini jibu lililobuniwa huharibu imani ya anayesikiliza.

Kitabu cha pili ni maisha ya watakatifu na wenyeheri, hasa wale waliozaliwa katika nchi hii. Watatu wanafaa sana kwa siku za Noeli.

Mwenyeheri Isidori Bakanja alikuwa kijana mfanyakazi. Alibatizwa mwaka 1906, baada ya kufundishwa kama wakatekumeni wote. Alivaa skapulari ya Bikira Maria na kuwafundisha wenzake sala. Kwa sababu hiyo msimamizi wa shamba alimpiga vibaya sana, na mwaka 1909 Isidori akafa kwa madonda yake, akiwa amekwisha kumsamehe. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Mkatekumeni akimsoma Bakanja, anamsoma ndugu yake mkubwa.

Mwenyeheri Maria Klementina Anuarite alizaliwa Wamba mwaka 1939, katika juma la Noeli. Alikuwa mtawa. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuilinda nadhiri yake, akamsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka 1985 huko Kinshasa.

Wa tatu ni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma. Habari zake zinahusu chakula, basi zitasimuliwa mbele kidogo.

Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja isihuzunike. Inaweza kuazima misioni. Kitabu kilichoazimwa kishikwe kwa mikono safi, kifungwe katika karatasi, kirudishwe siku iliyoagizwa. Na ikiwa hakuna anayejua kusoma, mtu mmoja ajifunze habari ya Luka kwa moyo, aisimulie kama wazee wanavyosimulia usiku. Habari Njema ilitembea kwa midomo kabla ya kuandikwa kwa wino. Tena, baada ya Injili, nyanya naye apewe nafasi ya kusimulia hadithi zake za sungura na chui. Watoto wakicheka pamoja na nyanya yao, Mtoto Yezu hachukizwi.

6. Kuchagua chakula

Hapa ndipo nyumba nyingi hujikwaa. Basi zitazamwe amri tatu za chakula cha Noeli: kisiwe na deni, kisiwe na sumu, kisimfunge mama jikoni.

Kisiwe na deni. Kabla ya sikukuu mume na mke waketi wafanye hesabu pamoja. Kwanza watenge mbegu za msimu ujao. Pili watenge pesa za dawa na za daftari, kwa sababu shule hufunguliwa tena mwezi wa kwanza. Kinachobaki, hata kikiwa kidogo, ndicho cha sikukuu. Kuku mmoja wa nyumbani ni bora kuliko mbuzi wa mkopo. Anayekula mbegu siku ya Noeli atafunga bila kutaka siku ya Pasaka.

Kisiwe na sumu. Siku za sikukuu watu huwa na haraka, na haraka huleta hatari. Muhogo mchungu ukitolewa majini upesi, ukasagwa ili uuzwe, hubaki na sumu. Watu wanaokula muhogo wa namna hiyo kwa majuma mengi, bila chakula kingine cha kujenga mwili, wanaweza kupatwa na konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ghafula na usiopona. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938 katika nchi ya Kwango. Basi muhogo uloweshwe siku tatu au zaidi, hata ulainike, kisha ukaushwe vema. Maandalizi ya Noeli yaanze mapema ili muhogo usionewe haraka. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe, hata kama zimenunuliwa kwa bei kubwa. Kuzikaanga hakuondoi sumu yake. Samaki aliyebadilika harufu asifunikwe kwa pilipili.

Kwa ajili ya jambo hili Floribert Bwana Chui alitoa uhai wake. Kazi yake ilikuwa kukagua mali zinazoingia nchini huko Goma. Watu walimpa rushwa ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite mpaka na kuuzwa sokoni. Alikataa, kwa sababu aliwaona wale watakaovila. Mwaka 2007 alikamatwa akauawa, akiwa kijana wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Mama anayetupa karanga mbovu, na mchuuzi anayekataa kuuza samaki walioharibika, wanatembea katika njia ya Floribert.

Kisimfunge mama jikoni. Vyakula vinavyofaa siku ya pumziko ni vile vinavyotayarishwa siku iliyotangulia, au vinavyopikwa bila mtu kuvisimamia, na kuliwa kwa mkono bila vyombo vingi. Karanga za kukaanga, mandazi, mahindi ya kuchoma, viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, ndizi mbivu, parachichi, nanasi, miwa: vyote hivi vinakaa katikati ya mkeka, na kila mtu anachukua bila kumwita mama. Watu wa kando ya Ziwa Kivu wana sambaza waliokaushwa. Samaki hao wadogo ni wageni katika ziwa lile. Walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha nyumba za maskini na za matajiri.

Ikipikwa bugali na sombe, kazi igawanywe. Mwanamume akiteka maji siku ya Noeli hapungukiwi na kitu. Mvulana akiosha sahani, mikono yake haitaanguka. Na mama akiisha kuketi, asiinuliwe kwa sababu ya chumvi; anayeitaka aende kuichukua.

Juu ya vinywaji, yatosha maneno machache. Chai, uji na maji ya ndizi yasiyochachuka huwafaa wote. Mtu mzima anayekunywa kasiksi kidogo pamoja na chakula, akabaki na akili zake, hakutenda dhambi. Lakini ulevi ni dhambi, nao huanza kwa kumwibia mke na watoto furaha yao. Pombe kali ya kupikwa kwa siri, ambayo mnywaji hajui imetiwa nini, isiingie nyumbani kabisa. Pombe za namna hiyo zimepofusha watu macho na kuwaua.

7. Wale wasio na nyumba siku ile

Katika mashariki ya Kongo vita vimezifukuza familia nyingi kutoka nyumba zao. Wengine watakuwa na Noeli kambini, wengine katika chumba kimoja cha ndugu. Mtu wa namna hiyo asidhani kwamba somo hili si lake. Maria na Yosefu walikuwa safarini, na usiku ule hawakuwa na nyumba yao. Hata hivyo, pale waliposimama pakawa nyumbani, kwa sababu Yezu alikuwapo. Wimbo mmoja chini ya turubai, habari ya Luka iliyosimuliwa kwa moyo, na viazi viwili vilivyogawanywa kwa watu watano: hiyo ni Noeli kamili, wala haipungui kitu mbele ya Mungu.

Na nyumba yenye msiba isilazimishwe kucheza ngoma. Majirani waende kuketi nayo. Wakiimba, waimbe kwa sauti ya chini. Wakileta chakula, walete kilichokwisha kupikwa. Mwenye kulia naye ana nafasi katika sikukuu.

8. Maswali na majibu ya kukumbuka

Swali: Noeli ina sehemu ngapi?
Jibu: Mbili: ya kanisani na ya nyumbani. Zote mbili zatakiwa kutayarishwa.

Swali: Kanisa linaamuru nini siku ya Noeli?
Jibu: Kushiriki Misa takatifu, na kuacha kazi zinazozuia ibada, furaha na pumziko la roho na mwili.

Swali: Pumziko hilo ni la nani?
Jibu: La watu wote wa nyumba, na mama pia.

Swali: Wimbo unaofaa nyumbani ni upi?
Jibu: Ni ule ambao wote wanaweza kuuimba, wenye maneno safi, usiomsumbua jirani.

Swali: Tusome nini siku ya Noeli?
Jibu: Injili ya Luka, sura ya 2, aya ya 1 hata ya 20, kisha maisha ya wenyeheri wa nchi yetu.

Swali: Amri tatu za chakula cha Noeli ni zipi?
Jibu: Kisiwe na deni, kisiwe na sumu, kisimfunge mama jikoni.

Swali: Kipimo cha kuchagua kila kitu ni kipi?
Jibu: Kujiuliza kama kitu hicho kitamleta kila mtu karibu, au kitamtupa mtu nje.

9. Azimio

Kabla ya tarehe 24 Desemba kila mkatekumeni atatenda mambo matatu. Atachagua pamoja na watu wa nyumba yake wimbo mmoja na msomaji mmoja. Atafanya hesabu ya chakula bila kugusa mbegu. Atatafuta jina la mtu mmoja karibu na nyumba yake ambaye siku ile angekaa peke yake: mjane, mgonjwa, mgeni, au mama aliyejifungua. Ataliweka jina hilo moyoni, na siku ya Noeli miguu yake itajua njia.

10. Sala ya nyumba usiku wa Noeli

Ee Mtoto Yezu, ulikuja duniani ukakosa nafasi katika nyumba ya wageni. Tazama nyumba yetu: ni ndogo, lakini mlango wake u wazi. Barikia mikono iliyopika na midomo iliyoimba. Barikia mtoto aliyetusomea Neno lako. Wape pumziko waliochoka, njia ya kurudi waliofukuzwa kwao, na faraja wanaolia. Sisi tunaongoja ubatizo, utuongoze hata siku ile utakapotuita kwenye meza yako. Maria, mama wa Yezu, utuombee. Amina.